Uzi maalumu: Seagull ya zamani, namna ya kuiwasha na kuiendesha bila kuiua

#1 Chumvi Kavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Kila mara nakutana na mtu ana mashine ya boti aina ya Seagull, urithi wa babu, imelala stoo chini ya turubai, na fundi wa mtaani ameshamwambia "hii imekufa, kauze chuma chakavu." Kazi yangu ni mashine za boti hapa Tanga, na hizi nimezifungua za kutosha. Nyingi hazijafa. Watu wanazitendea kama Yamaha, zikigoma wanasema mbovu. Naweka hapa ninachokijua. Mwenye swali aulize, mwenye kuzidi aongeze.

Kwa wasioijua: British Seagull ni ya Uingereza, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kwa muda mrefu ikatengenezwa Poole, Dorset, mpaka miaka ya 1990. Silinda moja, tustroki, inawashwa kwa kamba unayoizungusha kwa mkono. Modeli ya Forty ina injini ya cc 64, ya Century cc 102. Ukitaka mbio, tafuta nyingine. Hii ina propela kubwa na mizunguko ya taratibu, kazi yake ni kusukuma mashua nzito, na hapo inawashinda vijana wengi.

Tuanze na oili, maana ndiyo inayoua. Tustroki haina oili yake chini kama Boxer. Oili inaingia pamoja na petroli. Pistoni ikipanda, mchanganyiko unavutwa kuingia kwenye nyumba ya kranki, yaani kile chumba kilicho nyuma ya pistoni. Ikishuka, unasukumwa kupitia njia za pembeni kwenda juu kuchomwa. Kwa hiyo nyumba ya kranki ni pampu, na pampu inayovuja hewa haivuti kitu. Yamaha wameziba kwa sili za mpira. Seagull za zamani kranki inazunguka ndani ya bushi (vibomba vifupi) za shaba, na kinachoziba ule upenyo mdogo kati ya bushi na chuma ni oili yenyewe. Ukipunguza oili umepunguza vitu viwili kwa mpigo, ulainishaji na mbano wa pampu. Mashine inakuwa ngumu kuwaka, na ikiwaka inajila bushi.

Ndiyo maana maelekezo ya kiwandani yalisema moja kwa kumi: lita moja ya petroli, mililita 100 za oili. Dumu la lita 5, nusu lita. Najua inauma mfukoni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ikaanza kutoa za moja kwa 25, lakini hizo zilitoka na kabureta iliyorekebishwa. Kama hujui yako ni ya lini, weka moja kwa kumi. Itatoa moshi na plagi italowa mapema, basi. Hakuna kitakachovunjika.

Kuhusu kuwasha naandika chini, ngoja nile kwanza.

#2 Pweza wa Feri

Mkuu heshima yako, ila moja kwa kumi ni mambo ya enzi ya oili mbovu. Oili za sasa za TC-W3, zile za tustroki za boti, ni moto wa kuotea mbali. Mimi Yamaha Enduro yangu naweka moja kwa 50 kila siku ya Mungu na inapiga kazi. Huyo mtu wa Seagull akiweka moja kwa kumi atakuwa anavuta moshi kama treni ya makaa.

#3 Jongoo Bahari

Nakaa siti ya mbele, uzi wa maana huu. Mzee wangu alikuwa nayo, majirani walikuwa wanajua karudi kabla hajafika kona ya bandari.

#4 Chumvi Kavu

Pweza, kwenye Enduro uko sahihi kabisa, hiyo ina beringi na sili. Oili kuwa nzuri haibadilishi bushi ya shaba kuwa beringi ya gololi. TC-W3 tumia, mimi mwenyewe ndiyo naitumia, ila kwa kipimo cha mashine husika.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha mafuta, inapitisha ujazo fulani wa kile kilichomo tangini. Ukitoa oili, nafasi yake inachukuliwa na petroli. Mashine iliyopimwa kwa moja kwa kumi, ukiipa moja kwa 50, inapata petroli nyingi kuliko ilivyopangiwa, hewa ni ileile. Plagi inalowa nyeusi, inakata moto, na fundi anasema oili imezidi! Anapunguza tena. Ndiyo mwanzo wa safari ya kwenda kwa muuza vyuma.

Kuhusu moshi sibishi. Inachafua, na utando utauona juu ya maji. Kwa kuvuka mto Pangani au kwenda kutega karibu sawa. Kwa kazi ya kila siku kutwa nzima, chukua mashine ya kisasa, hata pochi itakushukuru.

Sasa kuwasha.

Kabla ya kamba, hakikisha moto upo, yaani cheche ya plagi. Fungua plagi, irudishe kwenye waya wake, ilaze chuma chake kikigusa silinda mahali pasipo rangi, mbali na tundu la plagi maana pale kunatoka mvuke wa petroli. Vuta. Unataka cheche ya bluu yenye mlio wa "ta!" Ikiwa ya njano na nyembamba, au unaiona gizani tu, usihangaike na kabureta kwanza. Upenyo wa plagi ni inchi 0.020, yaani nusu milimita. Platini, vile vidole vinavyogusana na kuachana kutoa cheche, nazo ni hivyohivyo. Nyingi zina magneto (kizalisha umeme wa plagi) ya kampuni ya Villiers, na platini zake unazifikia kupitia tundu la flaiwili, lile gurudumu la juu, ukiondoa mfuniko wa juu. Mashine iliyolala miaka pwani, platini zinaota ukungu wa kutu ambao huuoni kwa macho. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kilicholowa petroli, kisha kikavu, mpaka kitoke safi. Msasa tumia ukishindwa kabisa, na uwe laini. Nimeona watu wakipiga tupa pale, halafu wanashangaa uso umekuwa mlima.

Ukiona moto mzuri, rudisha kila kitu. Fungua bomba la mafuta. Legeza skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi. Funga choki. Juu ya bakuli la kabureta kuna kitufe kidogo: kibonyeze uone petroli inaanza kudondoka. Kinazamisha floti ili bakuli lifurike. Akseleta weka nusu. Fundo la kamba liingie kwenye mkato wa puli, zungusha kufuata mishale ya saa, na kabla ya kuvuta angalia nyuma yako. Kamba hii inatoka yote mkononi ikiwa na fundo mwishoni, na fundo hilo halina rafiki. Kiwiko nacho kimeshatoa watu meno.

Vuta taratibu mpaka uhisi mbano, halafu vuta kwa nguvu na kwa urefu wote. Ikikohoa, fungua choki nusu, vuta tena. Ikishika, fungua choki yote.

Kitu kimoja kikubwa: nyingi hazina nyutro. Zikiwaka tu propela inazunguka na boti inaondoka. Elekeza pua kwenye maji matupu kabla hujavuta kamba, usiwashe ukiwa unatazama ukuta wa gati.

#5 Binti Mgao

Kaka Chumvi shikamoo. Mimi ni mwanamke na sina aibu kuuliza. Marehemu baba aliacha Seagull huku Kilwa, imekaa muda mrefu sana. Nikijaribu kuzungusha lile gurudumu la juu haliendi hata kidogo. Fundi anataka kulipiga nyundo. Nimkubalie?

#6 Chumvi Kavu

Marahaba dada, na pole kwa msiba wa mzee. Huyo fundi mnyang'anye nyundo.

Pistoni imeshikana na silinda kwa kutu au kwa oili iliyokauka ikawa kama gundi. Fungua plagi. Mimina dizeli vijiko kadhaa kwa tundu hilo, ukichanganya na oili ya gia boksi ya gari aina ya ATF ni bora zaidi. Iache mashine imelala, tundu la plagi likitazama juu. Kesho yake ongeza kidogo. Usiwe na haraka, mwingine anachukua siku, mwingine wiki. Kila siku shika flaiwili kwa mikono miwili, itikise kushoto na kulia kwa nguvu ya mikono tu. Siku ikisogea hata upana wa ukucha umeshinda. Endelea kuitikisa, usikimbilie kuizungusha mzunguko mzima, maana kutu iliyobaki itakwaruza silinda na kuvunja ringi. Na kamba usiiguse mpaka izunguke laini.

Ukimaliza, geuza mashine tundu la plagi likitazama chini, zungusha, dizeli yote itoke. Usipoimwaga, siku ya kuwasha utapata moshi mweupe na plagi imelowa.

Nyundo kwenye flaiwili ni hatari ya aina mbili: unapindisha kranki, na sumaku zilizomo ndani zinapoteza nguvu kwa kugongwa.

#7 Mwana Shela

Mambo vipi kutoka Lamu. Yangu yawaka vizuri tu, naenda nayo mpaka mkondoni, halafu yaanza kulegea, yakohoa, yazima. Nikingoja kidogo yawaka tena. Nimebadilisha plagi, bado. Hapa naambiwa ni ringi zimeisha.

#8 Pweza wa Feri

Ringi zikiisha isingewaka vizuri mwanzoni. Mimi nasema uchafu kwenye chujio.

#9 Chumvi Kavu

Pweza umesema kweli kuhusu ringi. Mwana Shela, wanaofanya hivyo ni watatu na dalili zao zinafanana, lakini kuwatenganisha ni rahisi ukiwa hukohuko majini.

Ikianza kulegea tu, kabla haijazima, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia inavuta pumzi na mashine ikapata nguvu tena, tundu la hewa limeziba au skrubu hujailegeza. Mafuta yanashuka kwa uzito wake, hewa isipoingia juu hayashuki.

Kama mfuniko haukusaidia na imezima, fungua plagi hapohapo ikiwa ya moto, vaa kitambaa mkononi, pima moto. Hakuna cheche, lakini ikipoa cheche inarudi? Hapo ni kondensa au koili inayokufa ikipata joto. Kondensa ndiyo mshukiwa wa kwanza, ni rahisi na kinakaa pale karibu na platini. Ukiona platini zimeungua nyeusi-bluu, ndiyo ushahidi.

Kama cheche ipo na mfuniko uko wazi, ndipo uende kwa Pweza: chujio, bomba, bakuli la floti. Tangi la zamani linatoa kama ukoko ndani. Utaona vipande vya rangi ya kahawia chini ya bakuli.

#10 Jongoo Bahari

Na gia boksi je? Ya mzee ilikuwa ikidondosha oili saa zote. Mama alikuwa hataki iingie ndani.

#11 Chumvi Kavu

Hahaha, mama alikuwa na haki. Gia boksi ya Seagull haijazibwa kama za kisasa, inadondosha na inakunywa maji kidogo, kila mtu aliyenayo anajua. Inataka oili nzito ya gia, SAE 140. Watu wanaweka 90 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Itatoka yote kabla hujafika. Baada ya safari oili ikiwa nyeupe kama maziwa, usiogope, imechanganyika na maji. Imwage, weka mpya. Usiiache ilale na maji, gia zitaota kutu.

Tukiwa chini huko, angalia na ile springi nene iliyozunguka shafti ya propela. Mashine nyingine zina pini inayokatika ukigonga mwamba. Seagull nguvu inakwenda kwenye propela kupitia springi, ukigonga inajikunja na kuachia. Kwa sisi wa matumbawe ni neema tupu. Nimeona watu wameitoa wakaweka boliti. Usifanye hivyo hata kwa kulipwa, siku ya mwamba utavunja gia.

#12 Mkaa Baridi

Niko Uingereza wakuu, naona huku bado zinapendwa sana, kuna wazee wanakusanya na kuzishindanisha. Vipuri bado vinapatikana, vipya na vilivyokwishatumika. Atakayeagiza, asome kwanza namba iliyogongwa kwenye bodi ya mashine, herufi za mwanzo zinaonesha aina. Msiagize kwa picha tu, springi na propela zina saizi tofauti, mtaletewa zisizofaa na gharama ya posta imekwenda.

#13 Mwana Shela

Kaka Chumvi, ilikuwa mfuniko! Kile kitundu cha skrubu kimejaa chumvi na rangi, mtu aliipaka tangi lote bila kuangalia. Nimekizibua kwa sindano, nimekwenda Manda na kurudi. Shukrani sana. Swali jengine: mnaijaribu wapi nchi kavu? Jirani asema niwashe kidogo tu bila maji.

#14 Chumvi Kavu

Safi sana. Jirani mwambie apumzike. Bila maji silinda inapata joto haraka sana, oili inaungua ukutani na pistoni inashika. Pampu yenyewe ya Seagull haina mpira kama impela ya Yamaha ambayo inaungua kufumba na kufumbua, kwa hiyo watu wanadhani iko salama. Pampu itapona, silinda je?

Tumia pipa. Maji yafunike pampu iliyo juu ya gia boksi, na zaidi kidogo, maana yatapungua. Kama ni isiyo na nyutro toa propela kwanza, la sivyo itamwaga pipa zima na kulitikisa mpaka mashine iruke. Ikiwaka angalia maji ya kupozea yanatoka, na usiikanyage mafuta, haina mzigo. Baada ya safari ya baharini pipa hilohilo, maji baridi (yasiyo ya chumvi), iache izunguke kwa dakika chache itoe chumvi.

Na kuzima: funga bomba la mafuta uiache imalize yaliyo kwenye kabureta. Ukiacha bakuli limejaa, petroli inapaa na oili inabaki peke yake, nzito kama asali, na safari ijayo kabureta inavuta oili tupu. Kwa mchanganyiko wa moja kwa kumi oili hiyo si kidogo. Ila fanya hivyo ukishatia nanga, si ukiwa unakata kona ya mwamba.

#15 Pweza wa Feri

Haya mkuu, hapo kwenye oili kubaki peke yake nimekuelewa. Nina jirani ana Century, nitamwambia arudi kwenye moja kwa kumi tuone. Akilalamika bei nakutumia wewe.

#16 Chumvi Kavu

Mlete. Kabla hajabadilisha, mwambie afungue plagi aangalie rangi. Kahawia ya chokoleti ni nzuri. Nyeusi iliyolowa ni mafuta mengi au moto dhaifu. Nyeupe kama majivu hiyo asiendelee hata mita moja: inavuta hewa mahali fulani, ama gasketi ya kabureta ama bushi, na pistoni inaweza kutoboka. Ile nyeupe haina mjadala.

#17 Binti Mgao

Kaka Chumvi, imezunguka!! Nilifanya kama ulivyosema, nikawa naitikisa kila nikitoka kazini. Moto upo, wa bluu. Kesho kutwa naipeleka majini na mdogo wangu. Kuna kitu nimesahau?

#18 Chumvi Kavu

Hongera sana dada. Kipo kimoja. Zile skrubu mbili za kubana mashine kwenye boti zinalegea kwa mtetemo, na zako zimekaa muda mrefu bila kazi. Funga kamba imara kutoka kwenye mashine mpaka kwenye mbavu ya boti, siyo kwenye ubao wa kukalia. Mashine za huku kwetu zilizozama, nyingi zilizama safari ya kwanza.

Na ikizama kwa bahati mbaya, usiivute kamba hata kidogo ikiwa na maji ndani. Itoe, osha kwa maji baridi nje na ndani, fungua plagi, igeuze na kuizungusha kwa mkono mpaka maji yaishe, kisha mimina oili au dizeli na uiwashe siku hiyohiyo. Kama huna pa kuiwashia, iache imezamishwa kwenye pipa la maji baridi mpaka upate fundi. Ikikaa hewani na chumvi, kufika asubuhi kutu imeshaanza kazi. Magneto uifungue uikaushe pembeni. Chukueni na makasia.

#19 Jongoo Bahari

Dada, usisahau kulegeza skrubu ya tangi. Mwana Shela anakusalimia.